Lita Ishirini

Mwandiko wa Massoud unalala kushoto.
Kalamu nyekundu, daftari la mistari
alilolifunga mpira na kulitia kwenye dashibodi:
lita ishirini, Konde–Wete na kurudi, siku kumi na moja.
Lita ishirini, siku kumi (harusi, Micheweni).
Ukurasa wa pili ni wangu, kalamu ya buluu.
Lita ishirini, siku nane.
Lita ishirini, siku saba,
na gari ile ile, na skuli ile ile,
na sijaongeza hata rafiki wa kumpa lifti.

Nilianza kushuku watu kabla ya chuma.
Kombo, mtoto wa dada, analala banda la uani
na ana mpira mrefu wa kunyweshea miche.
Usiku nikamwaga jivu chini ya kifuniko cha tangi.
Asubuhi nikakuta nyayo: kuku wawili, na paka.
Nikashuku pampu. Nikaenda na dumu la lita tano,
likajaa mpaka kwenye alama, sawasawa,
na kijana wa pampu akaniangalia
kama niliyemtaka aapie msahafu.
Nikashuku bei; lakini bei hupandisha gharama,
haipandishi kiu.

Shaame Faki, fundi wa Limbani, hakuuliza gari ina nini.
Aliuliza: "Ilianza lini?"
Nikamwambia: nilipotoka eda.
Akanyamaza kidogo, akafungua boneti.

Plagi akazitoa moja moja, akaziinua kwenye mwanga:
ncha zake rangi ya chai ya maziwa. "Hizi hazina neno."
Chujio la hewa akaligonga kwenye kigogo,
likatema vumbi jekundu la nusu wilaya.
"Hili lina lake, lakini si hili."
Matairi akayaongeza upepo. Bomba la moshi akalitia kidole.
"Twende Jadida turudi. Breki usiikanyage ila kwa dharura."

Tuliporudi aliizunguka kwa mgongo wa kiganja,
gurudumu moja baada ya jengine,
kama anayepima homa ya watoto wa tumbo moja.
La kwanza vuguvugu. La pili vuguvugu. La tatu.
La nyuma kushoto, mkono ukaruka wenyewe.
Akadondosha maji: yakalia, yakatoweka.

"Mwalimu, gari hii yenda huku imeshikwa.
Ililala wapi wakati wa eda?"
Uani, kwenye mteremko.
"Na hendibreki?"

Massoud ndiye aliyeiegesha mwisho.
Alikuwa na desturi ya kuivuta mpaka jino la mwisho,
kwa mikono miwili, kwa sababu ya ule mteremko
na kisima kilicho chini yake.
Miezi minne na siku kumi mvua ikapiga,
kebo ikala kutu ndani ya ganda lake,
na siku nilipoushusha ule wenzo
ulishuka mkononi mwangu tu;
kule nyuma habari haikufika.

Naikumbuka asubuhi ile. Ilitoa mlio, ka!,
nikadhani nimesahau kuendesha.
Nikakanyaga mafuta zaidi.
Miezi mitatu nimekuwa nikikanyaga zaidi.

Shaame alifungua ngoma, akapiga msasa,
akanionyesha viatu vya breki vilivyolika upande mmoja
mithili ya kandambili za mtu anayechechemea.
Kebo mpya, elfu kumi na nane. Ya zamani nikaiomba.
Hakuuliza ya nini. Aliifunga kwenye gazeti.

Kombo alijua habari ya jivu.
Hakusema; alilifagia tu, siku ile ile.
Nilimnunulia mpira mpya wa miche, mita kumi,
akaupokea kwa mikono miwili bila kuniangalia.

Leo nimeandika, kwa buluu:
lita ishirini, siku kumi.
Ya kumi na moja iko kwenye buti:
jembe lake, sururu, nusu mfuko wa saruji iliyoganda.
Shaame kaniambia nivitoe, uzito nao hunywa.
Najua.
Hiyo siku moja nailipa mwenyewe.